Ngozi Iliyoshonwa Siku ya Kutsulan

Stoimen Karadaliev alikaza nati ya mwisho ya kigari cha ubavuni mwa pikipiki, akafuta mikono kwa tambara, akatazama mlimani. Jua lilikuwa limekwisha kwenda. Ilikuwa saa kumi tu, lakini mwezi wa Novemba, katika kijiji cha Studenik, saa kumi ndiyo magharibi.

Jioni ile mkewe, Rusanka, alikuwa na zamu ya kusafishwa damu katika hospitali ya mjini, ng'ambo ya mlima. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi tangu mwanzo wa mwaka. Kiangazi chote walikwenda kwa basi, lakini basi husimamishwa theluji ya kwanza inapoanguka, na theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka. Zamu moja walikuwa wameshaikosa. Walitoka na pikipiki, wakafika nusu ya mlima, vidole vya Stoimen vikafa ganzi asiweze kubana klachi. Pikipiki ikateleza hadi ukingoni mwa korongo. Wakarudi nyumbani.

Daktari hakuwa amemung'unya maneno. Akikosa ya pili, moyo wake utasimama.

Kwa hiyo Stoimen aliifanyia kazi ile pikipiki kama mtu anayejenga nyumba. Ilikuwa pikipiki ya Kirusi, nzee, silinda zake mbili zimechomoza kando kama masikio. Alimwaga oili nzito ya kiangazi akatia nyepesi. Alifungua kabureta akaitoa maji. Alifunga betri kwa blanketi la sufu, akavalisha tairi la nyuma mnyororo, akachomoa bomba jembamba kutoka kwenye ekzosi akalipitisha chini ya kigari ili Rusanka apate joto la miguu. Turubai la kigari alilitia vishikizo vipya.

Ikabaki mikono.

Asubuhi ile alichukua ngozi ya kondoo, akaikata kwa kisu cha fundi viatu, akashona kwa shazia na uzi wa nta mifuko miwili mikubwa, manyoya ndani. Aliifunga juu ya vishikio vya usukani. Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, unakuta klachi, unakuta breki, upepo haukuoni.

Kazi nzuri. Ila aliifanya siku ya Kutsulan.

Watu wa milima ile wana siku zao za mbwa mwitu kila mwaka, baridi inapoingia. Siku hizo mkasi hufungwa uzi mwekundu usifunue mdomo, na hakuna mwanamke anayeshika sindano, kwa sababu nguo ya mwanamume iliyoshonwa siku hizo huvaliwa kwanza na mwingine. Siku ya mwisho ndiyo mbaya kupita zote. Ni siku ya Kutsulan, mbwa mwitu kiguru, anayekuja nyuma ya kundi peke yake.

Bibi Trendafila, jirani, alikuwa amesimama penye lango na gongo lake.

"Stoimen! Nini hiyo umemvalisha huyo punda wako?"

"Kipuri, bibi."

"Kipuri cha manyoya?"

"Pikipiki za siku hizi zinaota manyoya. Hukusikia?"

Bibi kizee hakucheka. "Umeshona lini?"

"Bibi, hao wanaokatazwa ni wanawake. Tena wanakatazwa mkasi. Mimi nimetumia kisu. Na hii si nguo, ni kipuri."

"Mikono inaingia humo?"

"Inaingia."

"Basi ni nguo. Itie motoni, mwanangu. Sasa hivi, nikiona."

Stoimen alitazama vidole vyake. Ncha zake bado zilikuwa nyeusi.

"Nikiitia motoni, Rusanka nitampelekaje?"

Bibi Trendafila alifanya ishara ya msalaba, akageuka akaenda zake.

Rusanka alitoka amejifunga shali mbili, uso umevimba, ngozi rangi ya nta. Aliitazama ile mifuko kwa muda.

"Hii ngozi umeishona leo, Stoimen?"

"Ingia, mke wangu. Tutachelewa."

"Haya. Mbwa mwitu wakikula, mimi naolewa na mwenye gari."

Alicheka kidogo, akakohoa. Stoimen alimsaidia kuingia kwenye kigari, akamfunika blanketi, akafunga turubai mpaka kidevuni. Akapiga teke. Injini ikashika mara ya kwanza.

Njia ilikuwa nyeupe na tupu. Mnyororo ulitafuna theluji... krr, krr, krr. Misonobari ilisimama pande zote mbili kama watu waliokatazwa kusema. Ndani ya ngozi mikono ilikuwa na joto. Tangu baridi ianze, Stoimen hakuwahi kuhisi raha ile. Alikaribia kuimba.

Kisha akasikia harufu.

Kondoo aliyeloa ana harufu yake, na Stoimen aliijua. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa ya mbwa aliyeloa. Na chini yake, harufu nyingine, kama ya sarafu iliyokaa mdomoni.

"Unasikia harufu?" alipaza sauti.

"Ya nini?" Rusanka alijibu kutoka kwenye turubai.

"Hakuna."

Pikipiki ilianza kuvuta kulia. Hilo halikumshtua, maana yenye kigari huvuta siku zote upande wa kigari. Aliusukuma usukani urudi. Ukarudi. Ukavuta tena.

Akataka kupunguza mwendo. Alikunja kiganja cha kulia kurudisha mafuta.

Kiganja hakikukunjika.

Kitu kilikuwa juu ya mkono wake. Ndani ya mfuko. Mwanzoni alidhani ni manyoya yameshikana. Lakini manyoya hayana vifundo. Manyoya hayana kucha.

Vidole vilikuwa vimelala juu ya vidole vyake, kimoja juu ya kimoja, kwa upole, kama mwalimu anavyoshika mkono wa mtoto kumfundisha kuandika.

Na mkono wa kushoto pia.

Alivuta. Vikabana. Alivuta kwa nguvu zote, bega likalia, mkono usisogee hata kidogo. Mafuta yakaongezwa. Si na yeye.

"Stoimen, mbona mbio hivyo?"

Mbele njia iligawanyika. Ya kushoto ilipanda kwenda kileleni, mjini, hospitalini. Ya kulia iliingia msituni, kwenye zizi la zamani la ushirika, ambalo hakuna mtu aliyelitumia tangu kondoo walipouzwa.

"Kushoto," alinong'ona. "Nakuomba... Mgonjwa huyu. Kushoto."

Usukani ukaenda kulia.

Matawi yakapiga taa. Theluji ya juu ikammwagikia mgongoni. Kisha miti ikaisha, na zizi likasimama mbele, paa limeanguka, mlango uko wazi. Klachi ikabanwa taratibu, gia ikatolewa, breki ikashikwa. Kazi safi. Fundi yeyote angeisifu.

Injini ikabaki inaunguruma polepole. Mikono yake ikabaki pale pale.

"Tumefika?" aliuliza Rusanka.

"Hatujafika. Usishuke."

"Mbona naambiwa tumefika?"

"Unaambiwa na nani?"

Kisha akasikia vishikizo vya turubai vikifunguka. Tak. Tak. Tak. Vile vipya, alivyovitia mwenyewe, vigumu hata kwa mikono mizima.

"Rusanka, nisikilize. Kaa. Mimi nimeshikwa, siwezi kuja. Kaa ndani."

"Ananiambia nitapumzika," alisema Rusanka. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Nimechoka na zile sindano, Stoimen. Wewe hujui."

Aliteremka. Alipita mbele ya taa, shali mbili, mgongo umepinda. Stoimen alivuta mpaka akahisi damu inatiririka ndani ya ngozi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mkewe hakugeuka.

Alitembea peke yake. Lakini katika theluji, kando ya nyayo zake, nyayo nyingine zilikuwa zinajichora. Hakuna aliyezikanyaga. Zilijichora tu, moja baada ya moja. Tatu za kuzama, na mfuo mmoja mrefu wa mguu unaoburutwa.

Wakaingia zizini.

Injini ilinguruma. Theluji iliyeyuka juu ya silinda ikitoa mvuke. Alisubiri... Hakuwa na lingine la kufanya. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, ameketi juu ya pikipiki aliyoitengeneza kwa mikono yake, na mikono hiyo si yake.

Kisha kigari kikayumba.

Mtu alikuwa ameingia. Hakupita mbele ya taa. Alikuja kutoka nyuma, kutoka upande wa msitu. Springi zililala chini, zikalia, zikalala zaidi.

"Twende, Stoimen," ilisema sauti ya Rusanka. "Tutachelewa."

Vidole vikamwachia.

Alitoa mikono nje haraka. Ilikuwa na mistari ya damu, basi. Angeweza kugeuka amtazame. Tochi ilikuwa mfukoni. Angeweza kushuka, kwenda hatua chache, kuchungulia zizini. Alijua hayo yote, alijua kwa mpangilio.

Aliirarua ile mifuko kutoka kwenye vishikio akaitupa. Akageuza pikipiki. Akaondoka.

Walipokuwa wanaingia msituni, alisikia kwa nyuma kitu kama mtu anaita. Jina refu, limevutwa. Sto... i... men... Alijiambia ni upepo kwenye mnyororo. Akaongeza mafuta.

Hospitalini walichelewa, maana njiani alisimama mara kwa mara kupasha vidole joto juu ya silinda, lakini walipokewa. Muuguzi mmoja mnene aitwaye Penka Draganova alimlaza Rusanka, akamtoa damu ya kupima, akaenda. Alirudi na daktari. Daktari akatoa damu tena, yeye mwenyewe.

"Mzee Karadaliev," alisema baadaye pale ukumbini, "mmempeleka wapi kabla ya kuja hapa?"

"Hatukumpeleka popote."

"Damu yake ni safi. Safi kama ya binti." Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sielewi. Lakini miaka yote hii sijawahi kulalamika mgonjwa akipona. Mpeleke nyumbani. Mshukuru Mungu."

"Nashukuru," alisema Stoimen.

Majira ya baridi yakapita. Rusanka hakurudi hospitalini. Uvimbe ulimtoka usoni, rangi ikarudi. Alikata kuni mwenyewe, tena bila shali. Watu walikuja na mvinyo na mkate mtamu kumpongeza, wakamtania Stoimen kwamba kampeleka mke mzee mjini kabadilishiwa mpya. Alicheka pamoja nao. Bibi Trendafila peke yake hakuja. Alipita njia ya nyuma siku zote, kizee yule, kwenye matope, kuliko kupita penye lango lao.

Theluji ilipoyeyuka Stoimen alisema anakwenda kutafuta mbao za paa kule kwenye zizi la zamani. Alifika kwenye njia panda. Akasimama. Akarudi.

Kuna jambo moja ambalo lingemaliza yote. Mtoto wao wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa, kabla ya ubatizo. Jina lake walikuwa wamelichagua wao wawili tu, kitandani, taa imezimwa. Hawakumwambia padri, hawakumwambia mama wa yeyote, halikuandikwa popote. Duniani watu wawili tu walilijua.

Kila jioni Stoimen aliketi mezani na swali hilo mdomoni. Maneno machache tu. Tulimwita nani yule mtoto?

Akilijibu, basi ni Rusanka, na yaliyobaki ni baridi na woga na akili ya mtu mzee. Angelala usingizi mzuri.

Asipolijibu... basi Rusanka yuko wapi? Basi ile sauti haikuwa upepo. Basi aliita, na yeye alisikia, na mikono yake ilikuwa huru.

Rusanka aliweka bakuli la maharage mbele yake, akakata mkate, akakaa. Alimtazama kwa upole.

"Una nini, Stoimen? Jioni zote unanitazama kama unataka kuniuliza kitu."

Nje, mbwa wa kijiji walikuwa kimya.

"Sina kitu."

"Uliza tu. Mimi mkeo."

Aliinua kijiko.

"Naona chumvi imepungua," alisema.

Mkewe alimsogezea chumvi. Stoimen akainamisha kichwa, akala.