Siku Ambazo Babu Hakupima

Kila Jumamosi, akishafua sare na kudeki, Ruti wa darasa la saba alikwenda kwenye klabu ya kompyuta ya Mwalimu Nuria, hapo Tunduma mjini. Siku hizi begi lake lilibeba daftari la babu yake, mzee Zebedayo wa Igamba, aliyefariki mwaka uliopita. Kwa miaka kumi na miwili mzee huyo alisoma kipimamvua chake kila asubuhi, akaandika tarehe na milimita. Ruti aliishi naye hadi darasa la pili. Kila alipofungua daftari alimwona ameinama kwenye umande, miwani imemshuka puani.

Wakulima wa Igamba walikuwa wameziomba kumbukumbu hizo. Jumatatu wangekaa kupanga mwezi wa kuhamishia miche ya kahawa shambani, na wakikosea, miche yao ingekauka.

Ruti alikwishachapa daftari zima. Ilibaki kuyageuza maandishi, maana kwa kompyuta, "12" iliyochapwa ni maandishi tu, haijumlishiki mpaka igeuzwe namba. Mwalimu alimwonyesha njia: aandike programu yenye kielelezo cha siku moja, chenye tarehe, kipimo na maelezo, kisha programu ijichungulie yenyewe. Ina sehemu zipi? Kila sehemu inataka kitu cha aina gani? Ikikuta sehemu inayotaka namba, igeuze maandishi kuwa namba. Ruti alifurahi mno. Programu ilijijua kama mtu anavyojua mifuko ya koti lake.

Ilikwenda vizuri, halafu ikagoma. Mahali pa kipimo babu alikuwa ameandika, "Sikupima." Ruti akaruka mstari huo, ikagoma tena mbele. Alikuwa amechoka, na wenzake wameanza kufunga mabegi. Basi akaiamuru: isichokielewa, iweke sifuri. Ikatiririka mpaka mwisho, na Mwalimu akampongeza mbele ya wote.

Nyumbani baba yake, Luka, aliipitia orodha kwa furaha, kisha akakunja uso.

"Machi 2021 hakukunyesha siku kumi? Mwanangu, siku hizo ndizo nilizomfuata babu kumpeleka hospitali. Gari lilizama kwenye tope, tukasukuma mpaka mchana."

Uso ulimchoma Ruti. Angeweza kusema babu alikosea kuandika, na nani angembishia? Lakini kumsingizia babu kulimshinda. Akaeleza yote.

Baba hakumfokea. Alimpigia Mwalimu simu, na Jumapili alasiri wakaketi watatu. Mwalimu alimwelekeza Ruti aruhusu sehemu ya kipimo ibaki tupu, na maneno yasiyogeuzika yahamie kwenye maelezo, kisha programu iyaorodheshe. Ikatoa mistari arobaini na mmoja. Ruti akaisoma kwa sauti: sikupima, naumwa; sikupima, msiba kwa Yonathani. Alipofika tarehe 7 Januari 2019 sauti ilikatika, na baba akamsomea.

"Sikupima. Nimempeleka Ruti darasa la kwanza. Viatu vipya. Hakulia."

Ruti akalia sasa. Siku hiyo nayo alikuwa ameifanya sifuri.

"Babu yako angeweza kujaza namba yoyote," baba alisema taratibu. "Hakuona aibu kuandika kwamba hajui. Nawe usipojua, sema hujui, watu wajipange. Ukijaza uongo ili kazi ipendeze, anayeumia ni yule aliyekuamini."

Jumatatu orodha ilifika Igamba ikiwa na siku arobaini na moja tupu, kila moja na sababu yake.