Cheti cha Macho cha Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsindikiza mama yake hadi yadi ya malori. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa dereva wa lori la jokofu, lile refu la kubeba nyama iliyogandishwa. Alipiga magurudumu kwa rungu kupima upepo, akasikiliza injini ya jokofu, kisha akasema, "Haya, nisomee baridi." Chiriku alimsomea kipimajoto. Mwanzoni ulikuwa mchezo wao tu, lakini siku hizi mama hakuweza kuzisoma namba zile hata akikaza macho.

Siri hiyo waliijua wao wawili. Baba alikuwa amefariki, bibi hakuinuka kitandani, na nyumba nzima ilitegemea usukani ule. Sasa leseni ilikuwa inakwisha, na leseni ya malori makubwa haigawiwi kama peremende. Mama alikuwa amefaulu mtihani wa sheria za barabarani, akarudisha tela nyuma bila kugusa nguzo, akamaliza mafunzo ya mizigo ya baridi. Kilibaki cheti cha macho.

"Wakininyima hicho, mwanangu, tumekwisha," mama alisema, akaanza kulia.

Chiriku hakuweza kuvumilia machozi yale. Alipopelekwa zahanati kwa kikohozi, alinakili kwenye daftari herufi zote za ubao wa kupimia macho. Juma zima walizikariri jikoni, mpaka mama akazijua kama maji.

Siku ya kupimwa, katika zahanati ileile, daktari alimketisha mama kitini, na Chiriku akakaa karibu na mlango. Daktari alikuwa mzee asiye na haraka. Alionyesha mstari wa kwanza kwa fimbo, mama akasoma. Wa pili, akasoma, tena upesi mno. Hapo daktari akauondoa ubao ukutani na kuulaza mezani.

"Endelea, mama. Mstari wa tano."

"Z, V, R, D, K!" mama alijibu kwa furaha, akiukodolea macho ukuta uliobaki na msumari tu.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakujua kwamba ni fupi kiasi kile.

"Ubao nimeutoa, mama," daktari alisema taratibu.

Mama alijifunika uso kwa viganja.

"Ni mimi niliyezinakili!" Chiriku alilia. "Daktari, tafadhali, mwandikie tu. Tutakula nini?"

"Siwezi, binti yangu. Mama yako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akipasuliwa ataona. Mpaka hapo, asiguse usukani."

Foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi mitano. Lori lilipewa dereva mwingine. Waliishi kwa unga wa shangazi, na mama alishinda chumbani akitazama mikono yake. Chiriku alinyamaza hata darasani. Aliamini yeye ndiye aliyeibomoa nyumba yao.

Hatimaye mama alipasuliwa, akapona, akapimwa kwa ubao mwingine, na daktari akatia sahihi cheti. Kazi angeingoja mpaka nafasi ipatikane. Walirudi nyumbani kwa miguu kupitia barabara ya shule, wakati wanafunzi wakimiminika kando ya lami. Mama alisimama ghafla, machozi yakimtiririka.

"Macho yanauma, mama?"

"Hapana. Mwaka mzima nilipita hapa na lori. Sikujua kwamba wanatembea karibu hivi."

Chiriku alianza kuomba msamaha. Mama akamshika bega.

"Mimi ndiye mkubwa, kosa ni langu. Lakini nisikilize. Ile leseni si ya kutupatia chakula tu. Inawaahidi watoto hawa kwamba dereva anawaona. Siku nyingine ukiona sifai, niambie sifai, hata kama tutalala njaa."