Waya wa Darini

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya tarehe 15 Novemba 1961, Marlis Petzold alipanda darini na beseni la nguo mbichi, akamkuta mzee Zabel amelala chali kando ya dohani, macho wazi. Hakupiga kelele. Alilitua beseni polepole, kana kwamba mzee angeamka, kisha akashuka ghorofa nne kwenda kupiga simu.

Luteni Roswitha Kienast wa polisi ya upelelezi, Berlin Mashariki, alifika saa mbili kasoro robo pamoja na koplo wake, Templin. Alichuchumaa. Kisogo kilikuwa kimepasuka na kona ya dohani ilikuwa na damu. Katika ngumi ya kulia ya marehemu palikuwa na vipande vya mpira mweusi, vyembamba kama maganda ya njegere. Hatua mbili kutoka hapo ilikuwako pakiti ya kahawa ya Magharibi, imechanwa, na unga wake umemwagika juu ya damu. Kienast aliupuliza. Ukapeperuka wote, mkavu. Damu ilikuwa imekwisha kuganda kahawa ilipomwagwa.

"Kesi imekwisha kabla hujavua glavu, Ndugu Luteni," alisema Kapteni Hagedorn wa usalama wa taifa, aliyekuwa ameegemea mlango. "Zabel ndiye mshika daftari la nyumba. Mgeni yeyote anayelala humu lazima aandikwe. Mume wa huyu Petzold yuko Magharibi tangu mpaka ufungwe Agosti. Katuma mtu, mzee kawafuma, wakammaliza. Saa sita namchukua."

"Ana mtoto."

"Makao ya serikali yana vitanda."

Kienast aliangalia saa yake, akashuka.

Marlis alikuwa jikoni na bintiye Anke, mwenye miaka mitatu, aliyekuwa akilamba jemu kwenye kidole.

"Ufunguo wa dari ulikuwa kwako?"

"Leo ni zamu yangu ya kuanika, kwa hiyo ulinifikia jana jioni. Saa moja na nusu hivi mzee akaja kuuazima. Alisema paa linavuja. Hakuurudisha, na asubuhi nikakuta mlango wazi."

"Na kahawa?"

"Mama yangu hunitumia kifurushi kila mwezi. Cha mwezi huu sijakiona." Alimvuta mtoto kifuani. "Bibi Luteni, niambie tu ukweli. Nimfungie nguo zake?"

"Usifunge kitu bado."

Bibi Lobedanz, ambaye jiko lake liko chini tu ya dari, alijibu kabla hajaulizwa.

"Kishindo nilikisikia jana jioni. Saa mbili kasoro ishirini."

"Una hakika gani?"

"Mwanangu, nilikuwa na keki kwenye oveni. Siagi yenyewe nimeipangia foleni kuanzia alfajiri, halafu niache kutazama saa? Nikasema, huyo Zabel tena, anachungulia chupi za watu."

Kienast aliwaza mpira mweusi. Katika nyumba hiyo fundi wa redio alikuwa mmoja, Bruno Kalweit, naye aligombana na Zabel wiki iliyopita hadi majirani wakatoka kwenye ngazi.

"Niligombana naye, ndiyo," alisema Kalweit, amefumba jicho moja kwa usingizi. "Aliniandikia mgeni ambaye ni shangazi yangu! Lakini jana nilikuwa kiwandani hadi saa nne usiku. Waulize watu arobaini." Alivigeuza vile vipande kiganjani. "Hili ni ganda la waya wa antena. Anayeupitisha ndani ya dari badala ya juu ya paa hataki uonekane."

"Ulimpitishia nani?"

"Mimi? Tangu Septemba sigusi antena. Muulize Stumpf, mwenyekiti wetu. Si yeye aliyewapandisha vijana juu ya mapaa, wakazivunja zote zilizoelekea Magharibi kunasa televisheni yao?"

Templin alipiga simu kiwandani. Watu arobaini walikuwa kweli.

Saa tano na nusu Kienast alimtuma Templin darini, kisha akabisha kwa Ewald Stumpf, mwenyekiti wa nyumba, ghorofa ya tatu. Hagedorn alimfuata, akiijaza hati ya kukamata kwa kalamu. Stumpf aliwakaribisha viti, akasikitika kwa maneno mengi.

"Vifurushi vya posta watu wakiwa kazini hupokea nani?" aliuliza Kienast.

"Mimi. Nawasaidia."

"Na jana saa mbili kasoro ishirini ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Ndugu Luteni, na ndara zangu. Nilikuwa nakula mkate na soseji mbele ya televisheni nikingoja habari. Zilipoanza nikaongeza sauti. Sikusikia kitu."

"Ulikuwa bado unazingoja?"

"Bado, ndiyo. Nilimaliza kula kwanza."

Kalamu ya Hagedorn ilisimama.

"Habari zetu huanza saa moja na nusu," alisema Kienast. "Wakati huo ungezikuta katikati. Zinazoanza saa mbili ni za wale wa upande wa pili."

"Nimechanganya. Uzee, Luteni."

Kienast alifungua dirisha. "Templin! Vuta!"

Nyuma ya kabati kitu kikakwaruza ukuta. Kikakwaruza tena. Kienast na Hagedorn walilisogeza kabati, na pale penye tundu la dohani ya zamani waya mweusi ulikuwa ukipanda na kushuka. Mahali pamoja ganda lake lilikuwa limechubuliwa hadi shaba.

Stumpf alikaa.

"Zabel alinipitia mlangoni akasema paa linavuja. Nikajua atauona waya. Nikapanda nyuma yake. Alicheka, akasema, 'Ewald, uliivunja antena ya mkwe wangu mbele ya wajukuu!' Akaung'ang'ania, anataka aupeleke kituoni. Mwanangu ndiyo kwanza kapata nafasi chuo kikuu, wangemnyang'anya. Nilimsukuma tu."

"Yote hayo kwa habari?"

"Kwa kandanda," alisema Stumpf kwa sauti ndogo. "Habari nilizizoea tu baadaye."

"Na alfajiri ukarudi na kahawa ya kifurushi chake Petzold, ukaimwaga. Kwa nini Petzold?"

"Mumewe yuko Magharibi. Yeye alikuwa amekwisha kuchafuka."

Templin alimshusha Stumpf kwenye gari. Hagedorn alibaki katikati ya chumba. Hati ya Marlis ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ripoti haiwezi kusema mwenyekiti wetu alitazama Magharibi."

"Isiseme. Iseme waligombana darini. Lakini jina liwe lake."

Hagedorn alitia kalamu mfukoni.

"Kitu kimoja, Ndugu Luteni. Umejuaje kwamba habari zao huanza saa mbili?"

Kienast alivaa glavu, kidole baada ya kidole.

"Aliposema alikuwa bado anangoja habari, Ndugu Kapteni, kalamu yako ilisimama kabla mimi sijasema zinaanza saa ngapi."

Kengele za mbali zilipiga saa sita. Hagedorn aliichana hati mara mbili, akatia vipande mfukoni, akatoka bila kuaga.

Juu, Marlis alikuwa amesimama mlangoni, mtoto amevalishwa koti hadi kifungo cha juu.

"Mvue koti, atatoka jasho," alisema Kienast. "Kesho mpeleke chekechea kama kawaida."