Dume Jingine

Fundi cherehani aliinua gauni la harusi la mteja wake, akalinusa, akalitupa mezani kama limemng'ata. Mkojo wa paka! Tena upindo mzima, satini nyeupe iliyomkalisha kwenye cherehani mpaka mgongo ukagoma kunyooka.

"Meya!" alifoka. "Leo utanitambua!"

Meya, paka dume wa kijivu mwenye kitambi na maringo, alikuwa juu ya kabati, manyoya yamemsimama. Wala hakumtazama fundi. Alikodolea macho kona ya nyuma ya cherehani, ambako hapakuwa na kitu.

Haikuwa mara ya kwanza. Fundi alishasugua ukuta wa kile chumba kwa sabuni, kwa siki, kwa dawa ya choo iliyomchubua vidole, na bado kila asubuhi harufu ilimpokea mlangoni. Wateja walianza kushika nguo zao kwa ncha za vidole. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi majumba ya watu, alileta rangi iliyobaki kazini akaupaka ukuta wote. Haijakauka vizuri, doa la manjano likajitokeza juu yake, limechuruzika mpaka sakafuni.

"Sasa chagua, mimi au huyo paka," mume alisema, brashi bado mkononi. "Nyumba inanuka kama choo cha stendi."

"Unadhani mimi nafurahi? Nashona, nafua, nashona tena ile ile! Nimechoka, baba. Nimechoka mpaka nataka kulia."

Wakampeleka Meya kwa daktari wa mifugo. Daktari akampapasa, akatikisa kichwa.

"Huyu kahasiwa zamani. Akirusha mkojo hivi, anaweka mpaka. Kahisi dume jingine linaingia kwake."

"Linaingilia wapi? Madirisha yote yana wavu."

"Basi mhamisheni kidogo, msafishe nyumba, tuone."

Meya akahamia kwa dada yake fundi, mtaa wa pili. Huko alikula, akalala, akaamka kula, na hakurusha hata tone. Dada mtu akapiga simu huku anacheka: "Mbona mlimsingizia mtoto wa watu?"

Fundi hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amekuta ukuta umelowa tena, mkojo mbichi, una joto. Alichukua tambara kwa hasira, akainama kama alivyozoea, kisha mkono ukasita. Alama haikuanzia chini. Ilianzia juu ya swichi ya taa, usawa wa kifua chake.

Alimwita mumewe kwa sauti ya chini. Mume akaja, akatazama.

"Paka gani anafika hapo?" alinong'ona.

"Hatuna paka humu, mume wangu."

Siku hiyo hiyo mchana, jua likiwa kali na watoto wa jirani wakipiga kelele uani, fundi alikaa kwenye cherehani kwa sababu kazi za watu hazisubiri, akashona kwa ukaidi, akakanyaga pedali kwa nguvu ili asisikie kitu, lakini harufu ikaanza kuja taratibu kutoka ile kona, nzito, chungu, na nyuma ya mlio wa cherehani akasikia kucha zikikwaruza ukuta, kisha pua ikinusa, ikinusa, ikikaribia, mpaka pumzi ya moto ikamgusa kisogo, akataka kuinuka, na ndipo kitu cha vuguvugu kikammwagikia shingoni, kikashuka mgongoni mpaka kiunoni.

Mume alimkuta anapiga mayowe, gauni lake limelowa chapachapa.

Wakamleta tabibu wa majini, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alifukiza ubani, akasimama kwenye kona, akasikiliza muda mrefu kama anayesemeshwa.

"Paka wenu alikuwa anamzuia huyu jini," alisema mwishowe. "Kila alipoweka alama yake, huyu alirudi nyuma. Nyinyi mkawa mnasugua."

Fundi akashika kichwa. "Sasa sisi tungejuaje?"

Tabibu alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Kioo cha dirisha kikapasuka, harufu ikakatika ghafla kama mtu kafunga mlango, na doa la ukutani likakauka, likapukutika unga.

"Nyumba iko safi," alisema, akikusanya vitu vyake. Hakumtazama fundi usoni.

Fundi akaenda kumchukua Meya, kamshikia kipande cha samaki na msamaha. Meya alimwona, akanguruma kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, akaingia chini ya kitanda. Dada akamvuta, paka akamparura. Wakamwacha huko huko. Na kwa kuwa fundi hakuweza tena kukaa kwenye kile chumba, wakaamua kuhama.

Walipata vyumba vizuri, mbali kidogo. Mama mwenye nyumba aliwapokea kwa bashasha, akawafungulia mlango, kisha akakunja pua.

"Samahani, wanangu. Ningewaambia mapema. Kwangu paka siruhusu."

"Hatuna paka, mama," mume alijibu.

Yule mama akamsogelea fundi, akavuta pumzi, akarudi nyuma haraka.

Fundi alipeleka mkono kisogoni. Vidole vikarudi vimelowa.