Pigo Chini ya Meza

Rafiki yangu ni fundi wa mapazia, tena si mtu wa kuzua mambo. Jioni moja alimpelekea dada yake mapazia ya nyumba waliyohamia wiki hiyo, yeye na mumewe. Kabla hajaanza kuyatundika, umeme ukakatika.

"Basi tucheze," dada akasema. Ulikuwa mchezo wao tangu utotoni: mmoja anataja jambo ambalo hajawahi kulifanya, na aliyewahi anagonga meza, pigo moja kwa kila mara aliyolifanya.

"Sijawahi kumdanganya mama mkwe," rafiki yangu akaanza. Dada akagonga mpaka shemeji akalalamika. Wakacheka mbavu zikawauma.

Ikawa zamu ya shemeji. "Sijawahi kuanguka kwenye ngazi za humu ndani."

Ngo.

"Umeanguka lini tena?" akamuuliza mkewe.

"Si mimi."

"Wala mimi," akasema rafiki yangu. "Shemeji, acha utani wako."

Shemeji akaapa si yeye. Ili yaishe, wakashikana mikono juu ya meza, wote watatu, katika giza totoro. Dada akajikaza kutania: "Sijawahi kusimama nikamtazama mtu akiwa amelala."

Ngo, chini ya meza. Ngo. Ngo. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayekumbuka usiku mmoja baada ya mwingine.

Umeme uliporudi, mikono yao ilikuwa bado imeshikana. Kugonga hakukukoma.