Maoni ya Mnunuzi

Gari la Mwalimu Polepole lilichagua kufia mahali pabaya: katikati ya lango la duka la magari mapya, Jumamosi asubuhi, saa ambayo kila mwenye nia ya kununua na kila asiye na nia hiyo huja kufungua milango na kunusa viti. Nyuma yake foleni ikajipanga, honi zikaanza. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani, mama mtu mzima, aliweka mikono kichwani.

"Umefanya vizuri," Mwalimu alimwambia, kana kwamba gari lilikuwa linakwenda. "Sasa vuta breki ya mkono, tushuke."

Ndivyo alivyokuwa. Alifundisha udereva katika shule ya mama yake, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, na viatu vya soli nyembamba ili mguu wake uisikie ile breki ya pili, ya upande wa mwalimu. Jina la Polepole walimpa wanafunzi, naye akalipokea.

Kutoka dukani akaja dada mmoja mwenye suti ya buluu, skafu ya rangi ya chungwa shingoni, visigino vikigonga sakafu, na shada la funguo mkononi.

"Kaka, habari za asubuhi. Gari lako linatufukuzia wateja."

"Njema, dada. Samahani sana. Hata mimi ni mteja."

"Mteja wa nini?"

Mwalimu alilitazama gari lake, kisha akamtazama yule dada, na hapo akakawia kidogo. "Nimekuwa nikitafuta gari jipya mtandaoni. Naona hili la zamani limechoka kusubiri, limenileta lenyewe."

Dada akacheka kabla hajajizuia. Kisha, ndugu msomaji, akaweka funguo mfukoni, akashika buti kwa upande mmoja, akasukuma na visigino vyake hivyo hivyo. Mwalimu alisukuma upande wa pili. Moyo wake ulikuwa umeshakwenda, na hilo alilijua mwenyewe.

Pale dukani dada huyo aliitwa Bei Moja. Wateja walimjia na maneno matamu, na machozi, na majina ya wakubwa wanaowajua, wakaondoka na bei ile ile iliyobandikwa kiooni. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," aliwaambia, na hapo mazungumzo yakaisha. Meneja alimthamini kwa hilo. Kiti cha msimamizi wa mauzo kilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni cha nani.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua. Bei Moja hakujua kuendesha gari. Injini aliijua, gia alizijua, angeweza kukueleza tofauti ya tairi mbili mpaka ukasinzia. Lakini usukani aliuogopa tangu usichana, tangu mjomba wake alipojaribu kumfundisha kwa kumfokea mpaka majirani wakatoka nje. Alishuka siku hiyo na hakurudi tena. Alipoajiriwa aliulizwa kama anaendesha, akaitikia kwa kichwa. Kuitikia huko kukageuka deni la kila siku, maana kila gari lilipotakiwa kusogezwa, yeye alikuwa na simu ya kupokea.

Mwalimu alikaa mbele ya meza yake, akaweka simu katikati.

"Sitaki kukuchosha, dada. Tazama hapa." Ulikuwa mtandao wa bei. Unaandika gari unalolitaka, unaonyeshwa wanunuzi wengine wamelipa kiasi gani hivi karibuni: wa chini, wa juu, na wale wengi wa katikati. "Bei yako iko huku juu kabisa. Wengi wamelipa hapa. Na maduka mawili yameshaniandikia bei zao."

"Hao wa chini wameuziwa gari lisilo na tairi ya akiba."

"Huyu ameandika ipo. Na mazulia ya miguuni kapewa."

"Kwa hiyo wewe unaamini kila kinachoandikwa?"

"Hapana. Naamini watu wengi wasiojuana wanaposema jambo moja."

"Basi nenda kwa hao wenye bei nzuri."

"Nitafikaje? Gari langu limekufa. Halafu kwao hakuna mtu wa kunisukumia na visigino."

Bei Moja akainamisha uso, akajifanya anatafuta kalamu.

Hakushusha bei siku hiyo. Lakini jioni Mwalimu akapiga simu.

"Nauliza kama bei imebadilika."

"Tangu mchana?"

"Huko mtandaoni hubadilika kila saa."

"Huku kwetu haibadiliki. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

Jioni iliyofuata akapiga tena kuuliza bei, na iliyofuata tena. Bei ilikuwa ile ile, mazungumzo ndiyo yalirefuka. Mwalimu akajua kwamba Bei Moja anaishi na dada yake mkubwa, kwamba hapendi kuamshwa, kwamba skafu ile ya chungwa alijishonea mwenyewe. Naye akajua kwamba Mwalimu hufokewa na mama yake kila siku na huitikia "ndiyo mama" kisha akafanya alivyotaka. Siku moja hakupiga, alikuwa amelala na homa. Bei Moja aliitazama simu mpaka dada yake akamuuliza kama ina upele.

Mwalimu alikuja kulijaribu gari. Akaliendesha barabara yote ya nyuma ya duka, taratibu, akilisikiliza. Bei Moja alikaa kando yake. Walipofika kwenye uwanja mtupu wa maegesho, Mwalimu akasimama.

"Sasa lirudishe wewe, nilisikie nikiwa upande huu. Ndipo ninapokaa siku zote."

"Leo macho yananiuma."

"Pole."

"Halafu nimevaa visigino."

Mwalimu akazima injini. Alikuwa ameona watu wengi wakiogopa usukani, na wote huutazama namna moja.

"Mpenzi," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la aina hiyo, "hujui kuendesha, siyo?"

Bei Moja aliifungua skafu yake, akaikunja, akaikunjua. Kisha akasema yote, ya mjomba, ya kuitikia kwa kichwa, ya kiti cha msimamizi. Alilia kidogo. "Ukimwambia mtu, nimekwisha."

"Nimwambie nani? Vua viatu. Kanyaga klachi. Hapa hatuna haraka na mtu."

Basi kila Jumapili asubuhi wakawa pale uwanjani na gari la kuazima. Gari lilikufa, likawashwa, likafa tena. "Umefanya vizuri," Mwalimu alisema kila lilipokufa. "Achia klachi polepole, usiifukuze." Siku Bei Moja alipozunguka uwanja mzima bila kuzima, alisimamisha gari, akamshika Mwalimu uso kwa mikono miwili, akambusu.

Wiki hiyo aliingia ofisini kwa meneja na bei za mtandaoni mkononi, akatetea mpaka bei ikashuka ikawa chini kidogo ya ile ya wengi. Wenzake walitazamana. Bei Moja ameshusha bei. Gari jeupe likatoka dukani na Mwalimu wake.

Hadithi ingeishia hapo kama Mwalimu angekuwa mtu wa kunyamaza. Lakini alikuwa muungwana, na muungwana hulipa fadhila. Aliona kuwa bei za watu wasiomjua ndizo zilizomsaidia, basi naye aweke yake. Mtandao ukamwomba na maoni. Akaandika kwa moyo mweupe:

"Bei ni nzuri, lakini muuzaji ni mzuri zaidi. Muulizieni Bei Moja. Hakunidanganya hata neno. Hata kuendesha gari alikuwa hajui, akakiri mwenyewe, na sasa anajifunza kwa bidii kuliko wanafunzi wangu wote."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wamesema wahenga.

Siku iliyofuata meneja alimwita Bei Moja, akamgeuzia simu yake aisome. Meneja hakuwa mtu wa kelele. "Wateja wameyasoma maoni haya. Wenzako wameyasoma. Ninachotaka kujua ni kama ni kweli."

"Ni kweli."

"Uliniambia unaendesha."

"Niliitikia tu. Lakini ndiyo, nilikudanganya."

Meneja alivua miwani. "Msimamizi hupeleka magari kwa wateja. Mwisho wa mwezi nitamtangaza. Ukiniletea leseni kabla ya hapo, tutazungumza. Usipoileta, nitampa mwingine, na sijui kama utapenda kubaki hapa chini yake."

Alipotoka, mmoja wa wenzake alikuwa anaiga mtu anayegombana na gia. Wengine walikuwa wanatazama sakafu.

Jioni simu ikaita kama kawaida.

"Habari za kazi, malkia wangu."

"Umeandika nini kule?"

"Aa, umeona? Nimekusifu."

"Umenisifu huku unanivua nguo."

Mwalimu akafungua ule ukurasa, akausoma upya kwa macho ya mwenzake. "Sikufikiri hivyo. Wallahi sikufikiri."

"Neno moja tu nilikuomba. Moja. Mjomba wangu alinifokea mbele ya majirani, wewe umenisema mbele ya watu wote wenye simu."

"Nitafuta sasa hivi."

"Wameshasoma. Usinipigie tena, Mwalimu. Bei haijabadilika na haitabadilika."

Alifuta maoni, akaacha bei peke yake. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, haukujibiwa. Alikwenda dukani, akaambiwa dada ana mteja, na kweli alimwona kupitia kioo akiwa na mteja, amevaa suti ile ile, bila skafu. Akarudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza mama yake alimfokea asiitikie.

Huyo mama, mwenye shule, wanafunzi wanamwita Bibi Breki. Alipokwisha kumtoa mwanawe maneno, na namba ya Bei Moja, akachukua simu yake mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia Bei Moja, "mimi ni mama yake yule mropokaji. Sikupigii kumwombea msamaha, hilo ni lenu. Nakuuliza, mtihani unafanya lini?"

"Sifanyi, mama. Sina hamu tena na gari."

"Gari limekukosea nini? Aliyekukosea ni mwanangu. Hili jeupe umeliuza mwenyewe, klachi yake mguu wako utaizoea upesi. Njoo kila asubuhi kabla ya kazi, nitakaa nawe mimi. Yeye nitampeleka mbali akafundishe kwenye lile bovu."

Bei Moja alikataa. Kisha usiku mzima akamfikiria yule mwenzake aliyekuwa anaiga gia, na kulipokucha akavaa viatu vya chini akaenda.

Bibi Breki alifundisha kwa ukali, lakini hakufokea mtu kwa kukosea. Alifokea kwa kuomba radhi. "Kila gari likizima unasema samahani. Unamwomba nani? Liwashe."

Siku ya mtihani, Bibi Breki akaamka na mgongo unaouma ghafla, mgongo ambao jana yake ulikuwa mzima kabisa. Aliyelileta gari jeupe ni Mwalimu Polepole.

"Sikujua ni wewe," alisema.

"Sikujua ni wewe," Bei Moja naye alisema. Wote wawili wakamjua mama ni nani.

Sheria ya mtihani ilikuwa hivi: mtahini hukaa mbele, mwalimu huruhusiwa kukaa nyuma, lakini akitamka neno lolote, mwanafunzi ameanguka. Mtahini aliirudia kwa sauti akimtazama Mwalimu. Bei Moja naye akamtazama kwenye kioo.

"Huyo?" akasema. "Basi tuombe Mungu."

Alitoka vizuri, akapinda vizuri, akarudi kinyumenyume bila kugusa kitu. Kisha wakafika kwenye kilima. Mtahini akamwambia asimame katikati ya mwinuko, kisha aondoke tena. Akasimama. Alipoachia klachi gari likatikisika, likazima. Nyuma yao lori likapiga honi. Bei Moja akashika ufunguo bila kuuzungusha, na ile sauti ya zamani ya mjomba ikamjia yote. Akatupa jicho kwenye kioo.

Mwalimu Polepole alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, na shati lake la pasi limekunjamana lote. Ilikuwa dhahiri kwamba maneno "umefanya vizuri" yamemjaa mpaka kooni, na kwamba angekufa kabla hajayaachia.

Bei Moja alicheka. Kicheko kikaiondoa ile sauti ya mjomba. Akawasha gari, akaachia klachi polepole bila kuifukuza, na gari jeupe likapanda kilima.

"Umefaulu," mtahini alisema waliporudi, akaandika, akamkabidhi leseni, akashuka.

Mwalimu bado alikuwa na mikono mdomoni.

"Sasa unaweza kusema," Bei Moja alimwambia.

"Nisamehe. Nilidhani kusifu hakuna madhara. Siku nyingine nitauliza kwanza."

"Njoo ukae mbele."

Akaja. Jua lilikuwa likipiga kwenye kioo. Mwalimu akakohoa. "Basi nauliza. Nakupenda, na nataka tuoane. Jibu lako sitamwambia mtu mpaka unipe ruhusa."

"Nipe muda nikalinganishe na maduka mengine."

"Chukua muda wowote."

"Nimeshalinganisha. Siku zote hizi ulizokuwa hunipigii nilikuwa nalinganisha." Akamfuta jasho kwa kiganja. "Nakubali. Mama yako mwambie, ila mgongo wake nitakuja kuuangalia mwenyewe."

Kisha akachukua simu, akafungua ule mtandao wa bei. Chini ya bei ya Mwalimu kulikuwa na nafasi ya muuzaji kujibu, na siku zote ilikuwa tupu. Akaandika, akamsomea kabla ya kutuma:

"Muuzaji ana leseni. Mnunuzi anajifunza kunyamaza, na anaendelea vizuri."

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Bei Moja akawasha gari, akatazama vioo vyote vitatu, akaelekea dukani kumwonyesha meneja leseni.