Michungwa Mifupi

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili na mama yake walimwagilia michungwa yao. Jina hilo la Pilipili alibandikwa na mjomba wake, fundi baiskeli, kwa sababu ya hasira zake za karibu. Michungwa ilikuwa ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa, aina inayozaa ingali mifupi. Machungwa hayo ndiyo yaliyowalisha na kumsomesha.

Sasa barabara mpya ilipangwa kupita hapo hapo shambani. Mthamini wa fidia alikuja na fimbo ndefu, akapita haraka haraka, akivihurumia viatu vyake kuliko shamba la watu. Kila mti uliokuwa mfupi kuliko fimbo aliuandika kuwa mche. Matokeo yalipotangazwa, shamba zima lilikuwa limegeuzwa kitalu, na fidia yake isingetosha kuanzisha shamba jingine.

Pilipili alichemka. Mtu mzima, macho anayo, anaona machungwa yananing'inia halafu anaandika mche! Ilikuwa dharau tupu.

Mjomba alisema dawa ya moto ni moto. Akashauri wachomeke miche mingi katikati ya mistari, kisha wadai kuhesabiwa upya. Pilipili alikwishashika jembe, mama akamnyang'anya.

"Ukweli tunao," mama alisema. "Tukiuchanganya na uongo, nani atatuamini?"

Wakaenda ofisi ya fidia. Mthamini alimweleza mkuu wake kwamba fimbo hiyo hutumika kila mahali, tangu zamani. Mama akajibu kwa upole kwamba fimbo hupima kimo, na wao walikuwa wanapoteza mavuno. Mthamini akatabasamu kana kwamba anambembeleza mtoto. Hapo Pilipili akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo," alimwambia. "Wewe ni mfupi kuliko mjomba wangu. Je, na wewe tukuandike mtoto?"

Mama alimfinya. Pilipili akaomba radhi kwa utovu wa adabu, lakini swali hakulifuta. Mkuu alikohoa kuficha kicheko, akaahidi kwenda mwenyewe.

Kesho yake mkuu aliinama chini ya matawi, akaona matunda. Walipofika mwisho wa shamba, mama akamwonyesha miti mitatu. "Hii bado ni miche, haijazaa."

Mjomba, aliyekuwa amefuatana nao, alishika kichwa. Mkuu akaandika kila alichoambiwa na mama bila kubisha. Shamba likathaminiwa upya kwa mavuno yake, na mthamini akaamriwa kurudia mashamba ya majirani wote, safari hii bila fimbo.

Jioni, wakimwagilia, mama alisema, "Ile miche ya mjomba wako ingeonekana leo, hata michungwa yetu ya kweli ingeitwa uongo. Ukionewa, kasirika na uulize, lakini dai lako liwe safi. Na watu wazima waulize kwa adabu."

"Lakini mama, nilimwamkia kwanza."